Mwenye Macho Huambiwa Tazama

Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Nawaheshimu wahenga, na katika mambo mengi nawafuata kama mwana amfuatavyo baba. Lakini katika elimu ya nguvu na mwendo, elimu ambayo wasomi huiita mekanika, nathubutu kusema kuwa methali hii imetudhuru. Mwenye macho huambiwa tazama. Huambiwa mara ya kwanza, huambiwa mara ya pili, na asipotazama huambiwa tena, hata jicho lake lijue kazi yake. Jicho lisilofunzwa hutazama trekta likaona chuma chekundu na magurudumu manne. Jicho lililofunzwa huona uzito ushukao, ardhi isukumayo juu, mnyororo uvutao nyuma, na hatari iliyojificha kati ya hayo. Baina ya macho mawili haya pana tofauti ya uhai na mauti.

Hali yetu katika jambo hili si njema. Katika madarasa mengi mekanika hufundishwa kama wimbo wa lugha ngeni: mwalimu huanzisha, wanafunzi huitikia, na wote hutoka wakidhani wameelewa kwa kuwa sauti zililingana. Mwulize mwanafunzi nguvu ni nini, atajibu upesi kuwa ni tungamo mara mchapuko. Kisha mwonyeshe kitabu kilicholala juu ya meza, umwulize ni nguvu zipi zikishikazo mahali pake, na meza yafanya kazi gani. Hapo utaona ulimi uliokuwa mwepesi umekuwa mzito. Aghalabu atasema kuwa meza haifanyi kitu, kwa sababu meza haina uhai. Ilhali kama meza isingalisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kitabu, kitabu kingalikuwa sakafuni.

Mtoto wa Moiben hana haja ya kusafiri mbali ili awe mhandisi. Kusini ya mji wa Eldoret, huko Kesses, kiko Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 kikawa chuo kikuu cha pili cha umma nchini Kenya. Huko Chepkoilel kiko Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopata hati yake mwaka 2013, mahali ambapo tangu mwaka 1946 palikuwa na kituo cha kuwafundisha wakulima wa mashamba makubwa. Vyuo vyote viwili hufundisha uhandisi. Lakini ukaribu wa mlango haumfai kitu yule aingiaye amefumba macho. Kijana aliyekariri fomula akiwa shuleni hufika chuoni akakuta fomula ndefu zaidi, naye huzikariri hizo pia. Na siku moja hupewa cheti, akaaminiwa daraja, paa na ghorofa za watu.

Dai langu ni fupi. Nasema kwamba hakuna mwanafunzi, wa sekondari wala wa chuo, apasaye kuandika hesabu yoyote ya mekanika kabla hajakichora kitu chenyewe peke yake, kimetengwa na vingine vyote, pamoja na mishale ya nguvu zote zinazokigusa na zinazokivuta. Mchoro usiwe pambo la kujaza nafasi baada ya jibu kupatikana, bali uwe mlango wa kuingilia katika swali. Nami nasema kuwa mwalimu awafundishaye vijana mekanika bila mchoro, bila kamba, bila jiwe na bila kijiti, hafundishi mekanika. Anafundisha tahajia ya mekanika.

Wapinzani wa dai hili ni wengi, na haifai kuwanyima haki ya kusikilizwa. Wa kwanza husema kuwa picha ni za watoto wadogo, na kwamba akili iliyokomaa hutosheka na herufi na tarakimu. Wa pili husema kuwa mtihani hautaki picha. Wa tatu husema kuwa shule zetu hazina fedha za vyombo. Wa nne, ambao ni wa siku hizi, hujidai kuwa upande wetu: husema kuwa jambo limekwisha, kwa sababu sasa kila kitu chaweza kuonyeshwa katika kioo cha simu na kompyuta. Nitawajibu wote wanne, lakini kwanza twende shambani, kwa maana ushahidi wa kwanza uko huko.

Moiben ni nchi ya ngano na mahindi. Mvua ikinyesha kwa siku kadha, barabara ya udongo hugeuka matope, na tela lililojaa magunia huzama hata ekseli. Sasa mtazame dereva. Anarudisha trekta nyuma, anatafuta mahali pa kufungia mnyororo, na kwa kuwa hataki kuinama matopeni, anaufunga juu, karibu na kiti chake. Anatia gia. Tela linakataa. Magurudumu ya mbele ya trekta yananyanyuka, na kwa muda wa kufumba na kufumbua trekta lote linapinduka kinyumenyume na kumwangukia aliyelipanda. Ajali ya namna hii yajulikana duniani kote palipo na matrekta, nayo haichagui dereva mzoefu wala mgeni.

Mwanafunzi aliyekariri anaijua fomula ya jambo hili: nguvu mara umbali. Lakini ni nguvu ipi, na umbali upi, kutoka wapi hadi wapi? Fomula haisemi. Mchoro husema. Chora trekta kwa ubavu. Weka nukta mahali ambapo gurudumu la nyuma hugusa ardhi, kwa maana hapo ndipo trekta litakapozungukia likipinduka. Chora mshale wa uzito, ukishuka kutoka kitovu cha uzito kilicho mbele ya nukta ile. Mshale huu hulishikilia trekta chini. Kisha chora mshale wa mnyororo, ukivuta kuelekea nyuma. Mshale huu hutaka kulipindua. Sasa kila mtu, hata asiyejua kuhesabu, aona kuwa kadiri mshale wa mnyororo unavyopanda juu ya ardhi, ndivyo unavyopata nguvu ya kupindua.

Baada ya kuona, hesabu huja kama mtumishi aliyeitwa. Tuseme trekta lina kilo 3,000, yaani uzito wa karibu nyutoni 30,000, na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 mbele ya nukta yetu. Nguvu ya kulishikilia ni 30,000 mara 0.7, yaani nyutoni-mita 21,000. Tuseme mnyororo unavuta kwa nyutoni 20,000. Ukifungwa sentimita 40 juu ya ardhi, nguvu ya kupindua ni nyutoni-mita 8,000 tu, na dereva atarudi nyumbani kwake jioni. Ukifungwa sentimita 110 juu ya ardhi, nguvu ya kupindua ni nyutoni-mita 22,000. Hiyo yazidi 21,000, na trekta linapinduka. Mnyororo ni ule ule, injini ni ile ile, dereva ni yule yule. Kilichobadilika ni sentimita 70 za urefu. Je, huu ni mchezo wa watoto? Kama picha hii ni ya kitoto, basi naomba watu wazima wote wawe watoto kwa dakika tano kabla ya kufunga minyororo yao.

Tuendelee mbele kidogo hadi lango la shamba. Lango la mbao nne, mbili za kusimama na mbili za kulala, halidumu. Limeshikwa na bawaba upande mmoja, na upande wa pili hauna mshiko. Siku zikipita upande huo hushuka, na umbo la pembe nne likalala ubavu kama mlevi. Fundi hutia ubao wa tano wa mshazari. Lakini uelekee wapi? Wapo mafundi wanaoutia upande wowote ule, na mwaka haupiti kabla lango halijaburura ardhi. Wewe chora lango lililokwisha kushuka, ulitie chumvi, yaani lishushe kuliko lilivyoshuka kweli, kisha pima mishazari yake miwili. Utaona kuwa mshazari utokao bawaba ya chini kwenda pembe ya juu ya upande wa pili umefupika; basi ubao utakaowekwa hapo utabanwa. Na mshazari utokao bawaba ya juu kwenda pembe ya chini umerefuka. Basi kitu kitakachowekwa hapo kitavutwa. Ubao hustahimili sana kubanwa, hata kama misumari yake ni michache, kwa hiyo weka ubao pale panapobanwa. Waya hauwezi kubanwa, hujikunja tu, lakini hustahimili kuvutwa. Kwa hiyo ukiwa na waya, uweke pale panapovutwa. Aliyeuelewa mchoro huu mmoja ameelewa nusu ya elimu ya kenchi za paa na vyuma vya madaraja, kwa maana zote hizo ni pembe tatu zilizopangwa, na pembe tatu haiwezi kulala ubavu mpaka upande wake mmoja uvunjike, upindike au uchomoke.

Tazama na jambo la tatu, ambalo ni zito kuliko yote. Chukua kipande kinene cha sponji ya godoro kuukuu. Ubavuni mwake chora mistari ya kusimama iliyoachana sawasawa. Kiweke juu ya matofali mawili, moja kila mwisho, kisha bonyeza katikati. Mistari itakaribiana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Maana yake boriti iliyoshikwa pande mbili hubanwa juu na kuvutwa chini. Zege ni hodari likibanwa, lakini ni dhaifu likivutwa. Ndiyo sababu nondo za chuma huwekwa karibu na upande wa chini wa boriti ya namna hiyo. Sasa kamata sponji ile ile kwa mwisho mmoja juu ya meza, mwisho wa pili ukining'inia nje, na bonyeza mwisho huo. Mambo yamegeuka: mistari imeachana juu na kukaribiana chini. Hiyo ndiyo hali ya roshani. Kwa hiyo nondo za roshani zipasazo kuubeba mzigo ni zile za upande wa juu.

Mfikirie sasa mjenzi aliyekariri maneno haya: nondo huwekwa chini. Alifundishwa, aliandika, alipata alama zake. Akijenga roshani kwa kanuni ile, zege litapasuka juu, mahali pasipo na chuma, na roshani itawaangusha watu waliosimama kutazama harusi ikipita. Kanuni yake haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli iliyokosa macho. Uzito hausomi cheti. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 40 wakafa. Sisemi kuwa mchoro mmoja ungaliwaokoa, kwa maana msiba kama huo huwa na sababu nyingi, na tamaa ya fedha huwa miongoni mwake. Nasema tu kuwa nchi ijengayo ghorofa juu ya ghorofa haiwezi kustarehe na wahandisi waonao herufi pasipo kuona mizigo.

Sasa niwarudie wapinzani. Yule wa kwanza, asemaye kuwa picha ni za watoto, anaye shahidi mkubwa, nami sitamficha. Mwaka 1788, huko Paris, Joseph-Louis Lagrange alitoa kitabu cha mekanika ambacho ni miongoni mwa vitabu vikuu vya elimu hii, na katika utangulizi wake alitangaza kwa fahari kuwa hakina mchoro hata mmoja. Kweli, hakina. Lakini Lagrange alikuwa amekwisha kuishi na michoro ya waliomtangulia. Aliyekwisha kuvuka mto hana haja ya mtumbwi, lakini si haki auchome moto wakati wenzake wangali ng'ambo.

Nami nina mashahidi wangu. Mwaka 1586 Simon Stevin, katika nchi za Uholanzi, alitaka kujua mzigo ulio juu ya mteremko huvutwa kwa nguvu kiasi gani. Hakuanza na hesabu. Alichora pembe tatu yenye mteremko mrefu na mteremko mfupi, akauvisha mkufu wa mipira 14 iliyo sawa, ukiuzunguka wote. Akajiuliza: je, mkufu huu utajizungusha wenyewe milele? Haiwezekani. Basi lazima umetulia. Na kama umetulia, mipira mingi ya mteremko mrefu inalingana na mipira michache ya mteremko mfupi. Kutokana na picha hiyo moja alipata kanuni ya mteremko, naye akaipenda hata akaichapisha katika ukurasa wa mbele wa kitabu chake.

Mwaka 1866, huko Zürich katika Uswisi, Karl Culmann alichapisha kitabu cha kuwafundisha wahandisi kupata nguvu za madaraja na mapaa kwa kuchora: mishale ikapangwa kwa kipimo, mmoja ukaanzia pale mwenzake alipoishia, na jibu likapimwa kwa rula. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Maurice Koechlin. Mwaka 1884 Koechlin alichora mchoro wa kwanza wa mnara wa chuma wa kujengwa Paris, na mwaka 1889 mnara huo ulikamilika, ukiwa mrefu kupita majengo yote ya dunia ya wakati ule. Watu huuita mnara wa Eiffel, kwa jina la mwenye kampuni, lakini umbo lake lilianza katika mkono wa kijana aliyefunzwa kuziona nguvu. Basi asemaye kuwa michoro ni ya watoto na aende Paris akausukume mnara huo.

Mpinzani wa pili asema mtihani hautaki picha. Namjibu kuwa mtihani ni mtumishi wa elimu, na mtumishi akiwa bwana nyumba huharibika. Lakini hata kwa hesabu yake mwenyewe mpinzani huyu amekosea. Aghalabu mwanafunzi akoseaye swali la mekanika hakosi kwa kushindwa kuzidisha. Hukosa kwa kusahau nguvu moja. Alisahau msuguano, au alisahau kuwa ukuta nao husukuma ngazi iliyoegemezwa. Nguvu iliyosahauliwa katika mchoro huacha pengo ambalo jicho huliona. Nguvu iliyosahauliwa katika herufi haiachi alama yoyote. Kwa hiyo mchoro wa dakika moja huokoa swali zima. Tena mtihani wa KCSE wa fizikia una karatasi ya vitendo, na huko asiyezoea kutazama hana pa kukimbilia.

Mpinzani wa tatu asema hatuna fedha. Hii ndiyo hoja niihurumiayo, kwa kuwa umaskini wa shule nyingi ni wa kweli. Lakini hebu tuhesabu tulivyovitumia katika insha hii: kipande cha sponji kuukuu, matofali mawili, kalamu na karatasi. Ongeza uzi, jiwe, kijiti, na utepe wa mpira uliokatwa katika tyubu ya baiskeli, ambao ukitundikiwa mawe ya uzito mmoja huonyesha kwa kurefuka kwake jinsi mzigo unavyozidi. Umaskini wa kweli wa darasa si kukosa mizani ya fedha nyingi. Umaskini wake ni kukaa katikati ya matoroli, malango, kapi za visima, mikokoteni na matrekta, kisha kusema hatuna vyombo.

Tena mchoro una fadhili nyingine kwetu sisi Waafrika wa Mashariki. Mtoto wa Moiben huzungumza Kikalenjin na mama yake, Kiswahili na rafiki zake, na Kiingereza na kitabu chake cha fizikia. Elimu humfikia ikiwa imevuka mito miwili, na mara nyingi hufika imelowa. Mshale hauna haja ya kutafsiriwa. Uchorwao Eldoret husomwa Tanga, Kampala na Bujumbura kwa maana ile ile.

Mpinzani wa nne ndiye wa hatari zaidi, kwa kuwa hujiita rafiki. Asema: tuwaonyeshe vijana filamu za madaraja yanayoyumba na trekta zinazopinduka, nao wataelewa. Namjibu kwamba kutazama si kuona. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Eric Mazur na wenzake walilipima jambo hili wakachapisha matokeo yao mwaka 2004. Wanafunzi walioonyeshwa majaribio ya fizikia na kuyatazama tu hawakuelewa zaidi, ila kidogo sana, kuliko wale ambao hawakuonyeshwa kabisa. Lakini wale walioambiwa kwanza wabashiri litakalotokea, ndipo wakatazama, walielewa vyema zaidi. Naye Richard Hake, mwaka 1998, alikusanya matokeo ya wanafunzi 6,542 wa mekanika kutoka masomo 62 nchini humo. Katika madarasa ambamo wanafunzi walishughulika kwa akili na mikono na kujadiliana, ongezeko la ufahamu lilikuwa karibu mara mbili ya lile la madarasa ya kusikiliza tu. Basi picha ifaayo si ile inayopita mbele ya macho kama gari la abiria, bali ile inayotoka katika mkono wa mwanafunzi mwenyewe. Kwanza bashiri. Kisha chora. Kisha jaribu. Ukikosea, furahi, kwa maana kosa lililoonekana ni mwalimu asiyelipwa mshahara.

Jirani zetu wa Tanganyika walitupa mfano wa jicho lililokataa kunyamazishwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba. Akitengeneza aiskrimu, alitia katika jokofu maziwa yaliyo moto, naye akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi. Alipouliza, aliambiwa amekosea. Alipofika shule ya juu ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Hata Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipozuru shule hiyo, kijana alisimama akauliza swali lile lile. Osborne hakucheka, alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana hata leo kama jambo hilo hutokea daima, na kwa sababu gani, na ubishi huo ni heshima kwake. Somo lake kwetu si la maziwa. Somo lake ni kuwa darasa zima lilikuwa na kanuni, na mtu mmoja alikuwa na macho.

Wako watakaoniuliza: je, asiyeona atafanyaje? Hili ni swali la haki. Nicholas Saunderson alipofuka kwa ndui akiwa mtoto mchanga, na hata hivyo mwaka 1711 alifanywa profesa wa hesabu huko Cambridge, katika kiti ambacho Newton alipata kukikalia. Alijitengenezea ubao wa matundu na pini, akafunga nyuzi kutoka pini hadi pini, akayasoma maumbo kwa vidole. Kwa hiyo hata yeye hakufanya kazi bila mchoro. Alichora kwa nyuzi. Nisemapo macho, basi, nasema habari ya jicho lililo ndani, na mlango wa jicho hilo waweza kuwa kope au ncha za vidole.

Wala asidhani mtu kuwa naidharau hesabu. Mchoro hutuambia nguvu yaelekea wapi. Hesabu hutuambia ni kiasi gani. Mchoro bila hesabu ungalituambia kuwa trekta laweza kupinduka, lakini usingalituambia kuwa sentimita 110 ni mauti. Ninachokataa ni hesabu kutangulia mbele ya macho, kama mkokoteni uliofungwa mbele ya punda.

Enyi vijana msomao kurasa hizi, msingoje mtaala ubadilike wala mwalimu mpya aletwe. Leo jioni, mkirudi nyumbani, simameni mbele ya kitu kimoja tu: lango, ngazi, toroli, ndoo ining'iniayo kisimani. Kichoreni peke yake. Ulizeni kila mahali kinapoguswa: hapa panasukuma au panavuta? Tieni mshale. Kisha ulizeni kama mishale hiyo yatosha kukiweka mahali kilipo. Kama haitoshi, iko nguvu mliyoisahau, nayo haijawasahau ninyi. Fanyeni hivyo kila siku kwa mwezi mmoja, na fomula za kitabu zitawajia kama watu mnaowajua sura, si kama majina ya wageni.

Na kama siku moja mtapita barabara ya Moiben wakati wa masika, mkamwona dereva akiufunga mnyororo karibu na kiti chake, msimkaririe fomula. Mchoreeni matopeni kwa kijiti.